Kijani Kwenye Taya

Mimi nina hasira za karibu, najijua, na mama yangu hunitangaza hata kwa mgeni aliyekuja kuomba maji tu. Lakini barua ya kituo cha televisheni ilipofika sikukasirika. Niliisoma mara tatu nimesimama mlangoni, kisha nikampigia Pacha simu aje aisome na yeye. Iliandikwa na mama mmoja anayesimamia vipindi vya watoto, mtu wa maneno machache. Alisema masomo yetu ya sayansi ameyapenda, mwalimu anaeleweka, na watoto aliowaonyesha hawakusinzia. Ila mwalimu ana kijani usoni. Alitupa wiki nne tumpelekee somo moja lisilo na kijani. Tukiweza, tutarekodi masomo arobaini ya kurushwa mwaka mzima. Tukishindwa, atatafuta wengine.

Pacha si ndugu yangu wa damu. Tulikutana shuleni tukiwa darasa la tatu, tukawa chanda na pete mpaka walimu wakatuita pacha, na kwa sababu zisizojulikana jina likamganda yeye peke yake. Mimi yeye aliniita Fundi. Kwa miaka miwili tulikuwa tunarekodi masomo na kuyaweka kwenye mtandao: yeye mbele ya kamera, mimi nyuma yake, na kwenye taa, na kwenye kompyuta, na chini ya meza nikitafuta waya. Watazamaji wetu walikuwa wachache, na nusu yao walikuwa ndugu zetu. Kituo kile kilikuwa mlango wa kwanza kufunguka.

Studio yetu ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, kilichokuwa stoo. Ukutani nilitundika kitambaa cha kijani. Pacha akisimama mbele yake na kufundisha, baadaye mimi nakiondoa kitambaa kwenye kompyuta na kuweka pale mlima unaotema moto, au mishipa ya damu, au sayari. Hilo halina ugumu, hata simu siku hizi inaweza. Ugumu ni kwamba kitambaa cha kijani kikipigwa taa hakikai na kijani chake. Kinakirusha. Kinamrukia aliye mbele yake chini ya taya, masikioni, kwenye kola nyeupe. Ukitazama kwa macho tu chumbani huoni kitu. Ukishaondoa kitambaa ukaweka moto wa volkano, ndipo unamwona mwalimu wako ana shingo ya kinyonga.

Na Pacha ana nywele. Nyingi, anaziachia zisimame zenyewe, na kila unywele ulikuwa na kijani chake.

Wiki ya kwanza nilikosea wanavyokosea wote: niliongeza taa. Kijani kikaongezeka. Wiki ya pili nikajifunza kwamba dawa ya kwanza ni umbali, mtu asimame mbali na kitambaa kadiri inavyowezekana. Sasa chumba chetu kilikuwa na urefu wa mita tatu na nusu, kabati likiwemo. Nikatoa kabati. Nikang'oa mlango kwenye bawaba zake, kamera nikaiweka nje kwenye ukumbi, mkabala na jiko, ili Pacha asogee mbele hatua tatu kamili.

"Na mimi nikitaka kwenda jikoni nipite wapi?" mama akauliza. "Juu ya dari?"

"Pita chini ya kamera, mama."

"Chini ya kamera! Nina miaka sitini na nne nitambae nyumbani kwangu mwenyewe!" Lakini alipita, amejikunja, sufuria mkononi, akitulaani kwa upendo.

Nikapunguza taa za kitambaa mpaka zikabaki za kutosha tu kompyuta ikitambue. Kitambaa nikakikunja pande zote, kikabaki cha kumtosha Pacha kiunoni hadi kichwani, maana kila kipande kisichoonekana kwenye picha kazi yake ni kuchafua tu. Kuta za pembeni nikazifunika mashuka meusi ili mwanga ukigonga pale ufie palepale. Juu nyuma yake nikafunga taa moja ndogo nyeupe, imwangukie kichwani na mabegani, ili ukingo wa nywele upate weupe badala ya kijani. Kisha ndipo kompyuta. Na huko nako ni kwenda taratibu: kwanza unaondoa kitambaa, halafu unapunguza kijani kilichobaki kwenye ngozi, kidogo kidogo. Ukivuta kwa pupa mtu anabadilika rangi. Siku moja nilivuta kwa pupa Pacha akawa rangi ya biringanya.

Nilimwita aje aone, tucheke. Hakuja. Hakuwahi kuja. Kompyuta ilikuwa yangu, kamera ilikuwa yake, ndivyo alivyotaka iwe.

"Fundi, mimi ni mwalimu au ni mwanasesere?" aliniuliza akiwa amesimama kwenye alama niliyoichora sakafuni. "Saa nzima unaninyooshea shingo."

"Inua kidevu."

"Hakuna mtoto atakayeangalia taya langu. Watasikiliza."

"Watasikiliza huku wanaangalia taya. Inua kidevu."

"Wewe na kijani chako! Si kiko kwenye kitambaa? Kitambaa ukishakiondoa, kijani kinatoka wapi tena?"

Nilimweleza mara kumi na hakuelewa, au hakutaka. Kwake, kitambaa kisipoonekana kijani hakipo. Nikaona basi, kila mtu na fani yake, mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wa kuinama hapa ni mimi.

Wiki ya tatu, Alhamisi, nilifika. Somo lote la dakika kumi, kuhusu mapafu, na kola ya Pacha nyeupe, na sikio lake rangi yake ya kuzaliwa, na nywele zake moja moja juu ya picha ya mapafu kana kwamba alisimama ndani ya kifua cha mtu. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Mama alikuja akaangalia akasema, "Sasa mlango wangu unarudi?"

Pacha alisema ataipeleka flashi yenye somo mwenyewe kituoni, maana yeye ndiye sura, na watu wa televisheni hupenda kuona sura. Nikaona ni sawa. Nilimfutia hata vumbi kwenye viatu.

Wiki ikapita bila jibu. Nikimuuliza ananiambia, "Watu wakubwa hawaharakishwi." Nikitaka kumwandikia yule mama wa vipindi, ananiambia, "Usimsumbue, ananijua mimi, nitamwandikia mimi." Halafu Jumapili akanipigia sauti imekatika: mama yake ameteleza bafuni, nyonga imeumia, anasafiri sasa hivi kwenda kumuuguza, hajui atarudi lini. Mama yake Pacha amenilisha mimi likizo zote za utoto wangu. Nilimwambia Pacha aende, asiwaze chochote, studio itamsubiri. Mama yangu aliposikia alikaa chini akajifuta macho kwa kanga.

Jumatano saa tisa mchana akanipigia kwa video. Alinijulia hali, akasema mama anaendelea vizuri kidogo, usiku hawalali. Uso wake ulijaza skrini yote, na nyuma yake kipande kidogo cha ukuta mweupe. Alikuwa amevaa fulana nyeupe. Mimi namsikiliza, natikisa kichwa, nasema pole, pole sana, na jicho langu lenyewe likashuka chini ya taya lake. Wiki tatu nzima lilikuwa limefanya kazi hiyo moja, lisingeweza kuacha.

Kilikuwepo. Upande wa kushoto, kutoka chini ya sikio hadi kidevuni, na kwenye bega la fulana.

"Geuka kidogo," nikamwambia, "mwanga unanizuia kukuona."

Akageuka. Kijani hakikugeuka naye. Kiliteleza kikahamia shavuni, upande uleule kilikokuwa kinatoka.

"Uko chumba gani?"

"Chumbani kwa mama. Si unakijua?"

Nakijua. Nimelala humo. Kuta zake zina chokaa nyeupe na dirisha linatazama uani, kwenye tangi la maji.

"Mpe simu nimpe pole."

"Amelala, Fundi. Dawa zimemchukua."

Baada ya simu nilikaa nikamtetea. Nilimtetea kama wakili. Labda wamenunua pazia jipya. Labda ni chandarua. Labda ni ndoo kubwa imepigwa na jua. Lakini nilikuwa nimeipiga picha ile skrini, nikaiweka kwenye kompyuta, kwenye programu ileile, na programu haina rafiki. Kijani cha majani kina umanjano, cha ndoo kina ubluu, na hiki kilikuwa kijani cha kitambaa cha studio kilichomulikwa taa kali, tena kutoka karibu mno. Mtu aliyempanga pale hakujua kazi. Na Pacha alikuwa amegeuza simu kitambaa kisionekane, akaridhika.

Nikampigia mama yake.

"Nimeanguka?" akashangaa. "Nimeanguka wapi, mwanangu? Leo asubuhi nimepanda ngazi nimebadilisha balbu mwenyewe. Mimi buheri wa afya! Na nyinyi mmenitupa. Pacha hajaja tangu mwaka jana. Mpo?"

"Tupo, mama," nikasema. "Nilisikia vibaya. Alianguka mama mwingine."

Sijui kwa nini nilimfichia. Mazoea tu. Kisha nikampigia yule mama wa vipindi, nikajitambulisha.

"Lo, nafurahi kukusikia," akasema. "Nasikitika uliamua kuacha. Mwenzako alituambia umepata kazi kwingine. Hongera."

"Aliwaambia lini?"

"Siku alipoleta flashi. Ile kazi ya mapafu ilikuwa safi kabisa, tukasaini naye siku ileile. Alisema imesafishwa na studio anayofanya nayo sasa, ya bwana mmoja anayepiga video za harusi."

Akakata simu. Nilihisi nimesalitiwa na sina neno jingine la kulipamba. Kuibiwa ningevumilia, mwizi humjui. Huyu alisimama kwenye alama yangu, chini ya taa yangu, akaninyooshea shingo, na wakati ule ule alikuwa ananihesabu kama mtu aliyekwisha kuondoka. Hata mgonjwa alimtengeneza, tena mama aliyetuzalia urafiki huu kwa wali na maharage yake.

Mama yangu aliniona uso. Nikamweleza. Akavuta pumzi akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mama, usiniletee methali. Nimeumia."

Akaja akakaa karibu yangu. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikaungua.

Zilipita siku kumi na mbili. Sikumpigia Pacha, naye hakunipigia. Mlango sikuurudisha, nilikosa nguvu tu. Jumatatu asubuhi hodi ikabishwa, mama akaenda kufungua, nami nikasikia sauti yake ikiwa tamu kupita kiasi.

"Aah, Pacha! Karibu, karibu. Mgonjwa wetu hajambo? Na ile nyonga?"

Pacha aliingia macho chini. Alikuwa amepungua kidogo. Alisimama ukumbini kando ya kamera, akafungua mkono, na ndani yake kulikuwa na flashi.

"Najua unajua," akasema. "Mama yangu aliniambia ulimpigia."

"Sema shida yako."

"Masomo matatu ya kwanza wameyarudisha. Yana kijani. Yule bwana wa video za harusi, studio yake ni kubwa kama ukumbi, kitambaa kimezunguka pande tatu, lakini kila nikisimama..." Alishika shavu. "Anasema ni ngozi yangu. Eti ngozi yangu ndiyo yenye kijani."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Kituo kimenipa hadi Ijumaa," akaendelea. "La sivyo wanavunja mkataba."

"Kwa nini, Pacha?"

"Walitaka jina moja kwenye mkataba. Na nilichoka, Fundi. Simama hapa, usipumue, inua kidevu. Kule nasimama ninavyotaka."

"Ungeniambia."

"Ungekasirika."

"Na sasa unanionaje, nimefurahi?"

Ndipo akalia. Akasema nikimwokoa mara hii atakwenda kwa yule mama wa vipindi aseme ukweli wote, nani alisafisha mapafu, nani aliacha na nani hakuacha. Masomo mengine thelathini na saba yatarekodiwa hapa, na jina langu litaandikwa sambamba na lake. Alisema, "Wewe ni mwenzangu. Sina mwingine."

Mama alikuwa jikoni akigonga vifuniko vya sufuria makusudi. Mimi niliitaka ile sentensi. Nilikuwa nimeingoja siku kumi na mbili bila kujua, na niliposikia ikitamkwa kifua changu kililegea chote. Nikaipokea flashi.

"Humu kuna faili ghafi? Zilivyotoka kwenye kamera, nzima? Zilizokatwa siwezi kuzifanyia kitu."

"Zote zimo. Sijazigusa. Nitazijulia wapi?"

Alipotoka mama alikuja akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Asante ya punda ni mateke, na wewe unarudi kumlisha nyasi."

"Amesema atasema ukweli."

"Amesema," mama akajibu, akarudi jikoni.

Nilianza kazi siku ileile baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi, na nilikuwa karibu na furaha. Nikafungua somo la kwanza. Watu wa video za harusi wana tabia moja: wanawasha kamera mapema, wasije wakakosa bibi harusi akitoka garini. Kwa hiyo faili lilianza dakika sita kabla ya somo. Pacha alikuwa amesimama, kijani mpaka kwenye kope, kidevu ameinua mwenyewe bila kuambiwa, dada mmoja akimpaka poda. Nikaacha video iende huku natafuta mahali pa kuanzia.

Sauti ya mwanamume nyuma ya kamera ikauliza, "Na yule mwenzako wa zamani, hakuudhika?"

Pacha alicheka. Nakijua kicheko kile, cha kweli, kinachoanzia tumboni.

"Mwenzangu nani? Yule alikuwa ananishikia taa tu. Ni mtu mpweke, ukimpa kitu cha kushika anatulia."

Dada wa poda akacheka pia. Pacha akasema, "Haya, tuanze," na akaanza kufundisha kuhusu mbegu.

Nilirudisha nikasikiliza tena. Nilirudisha mara nyingi. Hapakuwa na mtu aliyemshika koo aseme. Hakuwa amekasirika, hakuwa ananikimbia, hakuwa anajitetea. Alikuwa anaongea tu kama mtu anayesema jana mvua ilinyesha. Hasira zangu za karibu nilizingoja zije zinisaidie, hazikuja. Kilichokuja ni aibu, na ilinikaa kuanzia kichwani hadi kwenye vidole, aibu ya mtu aliyejiona ana rafiki kwa miaka ishirini.

Jumanne na Jumatano nilifanya kazi. Alhamisi pia. Nilivikata vile vipande vya maneno, sekunde kumi na nne jumla, nikavisafisha picha moja baada ya nyingine kwa mkono. Taya. Sikio. Kope. Poda ikielea hewani nayo ilikuwa na kijani, nikaitoa. Nywele nilizifanya unywele kwa unywele. Nyuma yake sikuweka mlima wala sayari, niliweka weupe mtupu. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile, na sidhani nitaifanya tena.

Ijumaa saa mbili asubuhi Pacha alifika mbio, simu mkononi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Kaa uone."

"Nachelewa, Fundi, nitaona kulekule."

"Kaa."

Akaketi kwenye kiti changu mbele ya kompyuta. Nikabonyeza. Uso wake ulitokea katikati ya ule weupe, safi, rangi yake yenyewe, na kabla hajasikia chochote alishika mdomo kwa furaha. "Umeweza! Angalia nywele zangu! Hakuna kijani hata..."

Kisha akajisikia. Akasikiliza mpaka mwisho, kicheko cha dada wa poda kikiwemo. Video ikasimama kwenye uso wake unaocheka.

Nilisimama nyuma ya kiti nikasubiri. Nitasema ukweli, hata wakati ule nilikuwa tayari. Angegeuka tu aseme neno moja, lolote, ningekaa tukashinda siku nzima tuyamalize yale masomo matatu, na mama angenitukana mpaka jioni. Pacha alitazama skrini. Akatazama saa ya simu yake.

"Na masomo?" akauliza, bila kugeuka. "Masomo umeyafanya?"

Nikachomoa flashi, nikamwekea mkononi. Nikamwambia masomo yamo, yote matatu, kama alivyoyaleta.